Lasiyem Aliponuna

Kununa kila mtu anaweza. Lasiyem alikuwa na kipaji. Wanawake wengine wa kijiji chetu cha Karangsengon hununa asubuhi, jioni wakashikwa na kicheko wakasahau hata walichonunia. Lasiyem akifunga mdomo umefungwa. Ungemwona anapepeta mchele, anafua, anakuna nazi, uso umetulia kama maji mtungini, na neno halitoki. Aliwahi kumnunia mama yake mzazi msimu mzima wa mpunga, kupanda hadi kuvuna, kwa sababu ya kitambaa cha batiki alichopewa wifi yake. Mama alilia, akaomba, akampikia uji wa choroko aliokuwa akiupenda tangu utotoni. Lasiyem aliunywa uji wote, akaosha bakuli, akaenda zake.

Sheria yake ilikuwa moja: aliyekosa ndiye anayeanza kusema. Na yeye, kwa kumbukumbu zake mwenyewe, hakuwa amewahi kukosa.

Mumewe Sardi alikuwa mtu wa mzaha, mrefu, mwembamba, hana haraka. Akinuniwa alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha jikoni na sigara yake ya karafuu, akazungumza na kuku. "Jamani kuku, tempe hii ya soya leo imekaangwa ikakaangika. Aliyeipika sijui yuko wapi, humu ndani mimi naona kivuli tu kinapita." Lasiyem angeuma mdomo, angegeuka ukutani, na mabega yangeanza kutikisika. Basi yameisha. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka yote, na kwa kweli hawakuishi vibaya. Mambo ya lazima yalipita kwa binti yao Ratmi, msichana aliyekuwa akishona kola za mashati katika kiwanda cha nguo mjini.

"Ratmi, mwambie baba yako wali tayari." Na baba yuko hapo hapo, mkono ukinyooshwa unamgusa.

"Baba, wali tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia, nina masikio mawili."

Ugomvi wa mwisho ulitokana na panya. Baba yake Lasiyem alipokufa, shamba lake la mpunga liligawanywa nusu kwa nusu. Majaruba ya juu, yaliyo karibu na mfereji, alipata kaka yake Darmuji. Ya chini akapata Lasiyem, na kwenda kufungua maji yake ilibidi kupita kwenye matuta ya kaka. Darmuji hakuwa mtu wa kucheza na mali yake. Panya walipozidi alizungusha waya wa umeme kwenye majaruba yake yote, juu ya vijiti vya mianzi, kiasi cha kiganja kutoka ardhini, akavuta moto kutoka nyumbani kwake. Asubuhi alikuwa akiokota panya waliokauka kwa ndoo. Wale waliobaki na akili walihamia chini, kwa Lasiyem, wakamlia mpunga ungali mchanga.

Karangsengon hatukuwa wageni wa nyaya hizo. Serikali imezikataza na sisi tunazifunga, ndivyo tulivyo. Ila baada ya kijana mmoja kufia shambani, wanakijiji tulikaa tukakubaliana: mwenye waya aweke globu juu ya nguzo ya mwanzi. Taa ikiwaka, moto uko kwenye waya, usikanyage. Taa ikizimika, pita. Hata mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo.

Lasiyem alitaka waya kama kaka yake. Sardi akakataa. Yeye ndiye aliyembeba yule kijana mgongoni kutoka shambani, na tangu siku ile hakutaka kusikia habari za waya.

"Tule nusu, panya wale nusu," alisema. "Kuna ubaya gani?"

"Shamba ni la baba yangu."

"Na anayekwenda kufungua maji alfajiri ni nani? Nikanyage mimi? Akanyage Ratmi?"

"Darmuji mbona hakanyagi? Mwanamume ni yeye. Wewe umeolewa tu humu."

Neno hilo lilikuwa la kumchoma, na lilimchoma. Sardi alizima sigara yake kwa kidole, akatoka. Lasiyem alinuna, akangoja kusikia habari za kuku. Kuku hawakuambiwa kitu. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Sardi naye alinuna. Alikula kimya, akalala kimya, akampa mgongo. Ratmi alikuwa akitoka alfajiri na pikipiki, anarudi usiku amechoka hoi, akakuta wazee wawili wamekaa kama wageni wanaosubiri basi.

"Mna nini nyinyi?" aliuliza.

"Muulize baba yako."

"Baba?"

"Muulize mama yako."

"Mimi nalala," alisema Ratmi. "Mkimaliza utoto wenu mnaniamsha."

Jumatano, Lasiyem alikuwa dukani akinunua tempe na pilipili, akamkuta Marsih, mke wa Darmuji, yule yule wa kitambaa cha batiki. Marsih alimvuta pembeni.

"Wifi, mwambie mumeo. Darmuji ameitoa globu ile ya kwenye nguzo. Vile vidudu vya kahawia vimeanza, vinafuata mwanga, vinatua kwenye mpunga wetu kama pumba. Kwa hiyo usiku taa haiwaki, lakini waya una moto. Asipite mpaka Darmuji arudi kutoka msikitini azime. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Yu, dada yangu."

"Zamu yenu ya maji si kesho alfajiri?"

"Kesho."

"Basi mwambie mapema, usije ukasahau."

Na hakusahau. Hilo lieleweke vizuri, maana wapo waliokuja kumtetea baadaye kwamba labda alisahau. Alirudi nyumbani nalo, akalikaanga pamoja na tempe, akalipakua. Sardi alikaa mbele yake akala. Neno lilikuwa mdomoni, jepesi kabisa: taa imetolewa. Lakini akifungua mdomo ameanza yeye, na akianza yeye ndiye aliyekosa, na mwanamume huyu atajua kwamba naye akikaza anashinda. Akaamua atamwambia Ratmi, Ratmi amwambie baba yake. Ratmi alikuja usiku, akala wima jikoni, akaenda kujitupa kitandani na soksi miguuni. Lasiyem alikwenda hadi mlangoni kwake, akamtazama. Akasema moyoni, atamwambia kabla baba yake hajatoka.

Kabla ya alfajiri Sardi aliamka. Lasiyem alikuwa macho. Alimsikia akinywa maji, akachukua jembe nyuma ya mlango, akasimama. Alisimama muda, kweli alisimama. Pengine alikuwa na lake la kusema. Lasiyem alijigeuza ukutani na kuvuta pumzi nzito kama mtu aliyelala fofofo, ili asije akaonekana anangoja. Mlango ulifunguka na kufungwa. Akajiambia kwamba Sardi ana macho, na njia anaijua.

Waliomkuta walisema alikuwa kifudifudi kwenye tuta la Darmuji, mkono mmoja majini, jembe limemtangulia mbele. Panya walikuwa wamelala pande zote mbili zake, kila mmoja pale waya ulipomkamatia. Lakini aliyemkuta kwanza alikuwa Darmuji mwenyewe, akitoka msikitini. Darmuji alizima swichi. Kisha, kabla hajagonga kigogo cha mianzi cha kuita watu, kabla hajamgeuza shemeji yake kumtazama uso, aliingia ndani akachukua globu, akapanda juu ya kiti, akaifunga mahali pake kwenye nguzo. Ndipo alipogonga. Tulipofika wote tuliiona taa iko pale, globu nzima, na tukatikisa vichwa.

"Sardi naye," walisema wanaume. "Taa yote hiyo, macho alikuwa ameyaweka wapi?"

"Mawazo. Alikuwa ameshanuniwa nyumbani, unategemea aone taa?"

Wakacheka kidogo, kwa heshima, pembeni ya maiti.

Lasiyem aliinua uso akaiona globu. Alielewa saa ile ile. Akamtazama kaka yake, na kaka yake akamtazama yeye, na Lasiyem ndiye aliyeinamisha macho kwanza.

Jikoni, wanawake wakichemsha maji ya kuoshea maiti, Darmuji alimfuata hadi kwenye kuni.

"Marsih alikwambia jana," alisema kwa sauti ya chini.

"Aliniambia, Kang, kaka yangu."

"Ukamwambia?"

Lasiyem alishika kuni asizozihitaji.

"Nilijua," alisema Darmuji. "Basi sikiliza, mdogo wangu. Mimi ni kaka yako, siwezi kukuaibisha mbele za watu. Mume kafa kwa sababu mke kanuna, watakutemea mate, hata Ratmi hatakutazama. Mimi sitasema. Na wewe usiseme habari ya taa. Umeelewa? Tusitiriane."

"Nimeelewa."

"Pole sana kwa msiba." Akampiga bega mara mbili, akatoka.

Jeneza lilipoinuliwa uani, jamaa walipita chini yake kama ilivyo ada, wakiinama, kwenda na kurudi, ili huzuni yao iishie pale. Lasiyem alipita. Ratmi alipita akishika ukuta. Darmuji naye alipita, maana ni jamaa, akiwa na sarungi mpya na kofia nyeusi, na alilia. Sitamsingizia, machozi yalikuwa ya kweli. Halafu, kwa kuwa ndiye mkubwa wa familia, akasimama kusema kwa niaba ya marehemu.

"Ndugu zangu, mnamshuhudia vipi Sardi? Alikuwa mtu mwema?"

"Mwema!" tuliitika sote.

"Kama aliwahi kumkosea mtu kwa neno au kwa tendo, tunaomba msamaha kwa ajili yake. Mnamsamehe?"

"Tunamsamehe!"

Kwa hiyo Sardi alikwenda kaburini amesamehewa, na aliyemwombea msamaha ni yule aliyemuua. Mimi nilikuwa nimesimama pale uani nikiitika na wenzangu, na sauti yangu haikuwa ndogo.

Mmoja tu hakuitika. Ratmi alijua baba yake. Mtu aliyekuwa akikagua jiko kabla ya kulala, aliyempigia kelele kuhusu kofia ya pikipiki hata akienda dukani, hapiti chini ya taa inayowaka. Alimwambia mama yake hivyo usiku wa kwanza, akamwambia tena usiku wa pili.

"Taa haikuwaka, Mama. Nitakwenda polisi ya wilaya. Niko tayari kuapa."

"Utaapa nini? Ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Lakini wewe unamjua Baba kuliko mimi. Sema na wewe kwamba hawezi. Ukisema wewe watasikiliza."

Lasiyem alikuwa anakunja mashati ya Sardi. Alikunja moja, akalikunjua, akalikunja tena.

Kabla ya hitima ya siku ya saba, Pak Lurah, mkuu wa kijiji, aliwaita nyumbani kwake. Alikuwepo imamu, alikuwepo askari mmoja wa kata aliyekuja kunywa kahawa na kuhakikisha hatalazimika kufanya kazi, walikuwepo wazee, na Darmuji na mkewe wamekaa mkekani vichwa chini. Kulikuwa na ndizi za kukaanga. Pak Lurah alizungumza vizuri. Anapozungumza kuhusu undugu, hata paka hunyamaza. Alisema msiba umetoka kwa Mungu. Alisema kijiji chetu ni kijiji salama, hakijaonekana mahakamani, na ndugu wa tumbo moja hawapelekani kwenye chumba cha polisi kwa jambo la ajali.

"Mjomba," Ratmi alisema, na mjomba wake hakuinua kichwa. "Taa ilikuwa inawaka?"

"Nduk, mwanangu, subiri," alisema Pak Lurah.

"Nauliza tu. Inawaka au haiwaki?"

"Watu wote waliiona."

"Waliiona asubuhi. Mimi nauliza alfajiri."

"Msichana huyu kiwanda kimemfundisha mdomo," alisema mzee mmoja, na wengine wakaguna kwa kukubali.

Pak Lurah alimgeukia Lasiyem. Sauti yake ilikuwa laini kama ya daktari anayeshika sindano nyuma ya mgongo. "Mwenye msiba ni wewe, Bu, mama yetu. Sisi hatukulazimishi. Ukisema twende wilayani, tunakwenda. Ukisema umeridhia, tunamaliza kindugu hapa hapa. Umeridhia?"

Mkeka mzima ulimgeukia. Ratmi alimshika mama yake mkono, akaubana. Lasiyem alikuwa na maneno mawili ya kuchagua, na yote mawili aliyajua. Akisema taa haikuwaka, Sardi anasafishwa, si mzembe tena, na kaka yake anakwenda jela. Halafu Marsih, aliyekaa pale na kitambaa chake cha batiki, anafungua mdomo. Aliutazama mdomo ule wa Marsih.

"Nimeridhia," alisema.

Ratmi aliuachia mkono wake. Watu walipumua, wakasema alhamdulillahi, wakavuta sahani za ndizi. Askari alichukua mbili. Darmuji alimbusu dada yake mkono mbele ya watu wote, akatangaza kwamba, kwa kuwa sasa dada ni mjane na hana mwanamume wa kumlindia mali, yeye mwenyewe atamzungushia waya kwenye majaruba yake, kwa moto wa nyumbani kwake, bila kumdai hata chembe. Wazee walisifu sana. Walisema huo ndio undugu. Lasiyem alishukuru, kwa sababu ukipewa kitu mbele ya watu lazima ushukuru.

Ratmi alikaa hadi hitima ikaisha, akapakua wali kwa wageni wote, pamoja na mjomba wake, akimwekea nyama ya kuku kubwa kuliko za wengine. Tulidhani amepoa. Jumapili iliyofuata alikuwa nyumbani, na asubuhi alimkuta Darmuji kwenye majaruba yao, suruali imekunjwa magotini, anapigilia vijiti vya mianzi. Lasiyem alikuwa anamshikia waya. Ndiyo, alikuwa anamshikia. Kaka amekuja kukusaidia, utakaa nyumbani umtazame dirishani?

Ratmi aliingia topeni na ndala zake, akang'oa kijiti cha kwanza, akakitupa mferejini. Akang'oa cha pili.

"Toa waya wako, Mjomba."

"Nduk, hebu tulia."

"Toa. Huu ndio uliomuua Baba, unatuletea hadi kwetu? Kesho naomba ruhusa kazini, nakwenda wilayani. Sijaridhia mimi. Mimi ni mtoto wake, wameniuliza?"

Darmuji alijinyoosha, akafuta tope kwenye nyundo. Mashamba ya jirani yalikuwa matupu, hakuna mtu wa kusikia. Mkutano ulikuwa umekwisha, mikono imeshikwa, askari ameshakula ndizi zake. Siri ya dada yake haikuwa na kazi kwake tena mbele ya wazee. Sasa alikuwa na kazi nayo kwa Ratmi. Alisema bila hasira, kama mtu anayemwonyesha mgeni njia.

"Taa niliitoa. Haya, umeipata. Niliitoa kwa ajili ya vidudu, na asubuhi niliirudisha. Nenda kaseme. Lakini ukifika huko kaseme yote. Marsih alimwambia mama yako siku moja kabla. Alimwambia wazi: taa imetoka, waya una moto, mwambie mumeo. Mama yako alikuwa amenuna. Sasa wewe chagua, mwanangu. Ukimfunga mjomba, unamfunga na mama."

Alikwenda mferejini, akaokota vijiti vyake viwili, akaanza kuvipigilia upya.

Lasiyem alikuwa bado ameshika waya. Alitegemea kelele. Alitegemea hata kupigwa, na moyoni aliona kupigwa kungekuwa nafuu. Ratmi hakupiga kelele. Alimjia mama yake polepole, tope likimfyonza miguu, akasimama karibu kabisa.

"Ni kweli?"

Lasiyem aliitikia kwa kichwa.

"Alipotoka ulikuwa umelala?"

"Nilikuwa macho."

"Ukamwacha."

"Nilikuwa nangoja aanze yeye."

Nyundo ilikuwa inagonga nyuma yao. Ratmi alifumba macho, akayafumbua.

"Mimi nilikuwa chumba cha pili, Mama. Kila siku mnanituma mimi. Mwambie baba yako, mwambie mama yako, tangu niko shule ya msingi. Si ungeniamsha nimwambie?"

Lasiyem alitafuta jibu. Alilitafuta kweli, akageuzageuza yote aliyokuwa nayo, akalipata moja tu, na ndilo alilolitoa.

"Ulikuwa umelala vizuri," alisema.